Shajara ya mradi: kuinua gari kwa jeki na kubadilisha breki nyumbani

Gari ni dogo, la milango mitano, linavuta kwa magurudumu ya mbele, gia za mkono, kilo 1,050 likiwa tupu. Mbele lina breki za diski, nyuma za dramu. Pedi za mbele zimebaki milimita 3. Viatu vya nyuma, yaani vipande vinavyosugua ndani ya dramu, havijulikani hali yake mpaka dramu zifunguliwe.

Kubadilisha pedi kwenyewe ni kazi nyepesi na nitaipita haraka. Kinachochukua nafasi humu ni namna ya kuliweka gari juu na kulifanya libaki palepale. Watu wengi wakizungumzia jeki huuliza inabeba tani ngapi. Kadiri nilivyoendelea niliona uzito ndio tatizo dogo kuliko yote: gari haliponyoki kwa sababu chuma kimeshindwa kulibeba, linaponyoka kwa sababu limesukumwa kwenda pembeni, mbele au nyuma, na hakuna kilichowekwa kulizuia upande huo.

3 Mei: mahali

Uwanja una kipande cha zege na kilichobaki ni udongo ulioshindiliwa. Nimepima kwa ubao ulionyooka wa mita moja na pimamaji juu yake. Zege, upande wa chini, inashuka sentimita 4 kwa kila mita. Kwa macho inaonekana sawa kabisa. Lakini ukizidisha 1,050 kwa 0.04 unapata 42, yaani gari linasukumwa kuteremka kwa nguvu ya kama kilo 42 muda wote, hata likiwa limesimama kimya. Upande wa juu wa zege mteremko hauzidi sentimita 1 kwa mita, ila nafasi hiyo haitoshi gari zima. Udongo uko sawa na una nafasi tele.

Kuligeuza gari likae kukingama na mteremko ni wazo linalokuja haraka, nami nimelikataa. Gari litainama ubavu, na stendi, yaani kiguzo cha chuma kitakacholishikilia gari baada ya jeki, nayo itainama kuelekea upande huohuo.

Uamuzi wa leo: kuanza na udongo, juu ya mbao.

10 Mei: vifaa, na vilivyokataliwa

Jeki ya mkasi iliyokuja na gari imebaki kwenye buti. Imetengenezwa kwa ajili ya kubadilisha tairi barabarani, dakika chache na basi. Kitako chake ni chembamba, na gari likisogea sentimita chache tu inalala kifudifudi.

Jeki ya chupa inanyanyua wima bila wasiwasi, lakini ni ndefu hata ikiwa imefungwa. Chini ya gari hili haiingii mpaka uchimbe shimo.

Imechaguliwa jeki ya toroli ya tani 2, yenye kuanzia sentimita 13 na kufika 33. Kimo cha juu ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu gari likipanda gurudumu halipandi nalo mara moja: springi inajinyoosha kwanza na tairi linabaki chini. Unaweza kuinua bodi sentimita kadhaa kabla tairi halijaacha ardhi.

Tofali hazimo kwenye mpango. Tofali la saruji linavumilia uzito uliosambaa sawasawa, kama ule wa ukuta. Uzito ukikaa kwenye nukta moja, chini ya ukingo mwembamba wa bati, linapasuka ghafla bila kutoa dalili, na lile lenye matundu ndilo baya zaidi. Chuma hujipinda kwanza ukakiona. Tofali halikupi nafasi hiyo.

Stendi ni mbili, za aina yenye pini nene inayopita tundu hadi tundu. Zile za meno na ulimi nazo hufanya kazi, lakini zinategemea ulimi mdogo wa ndani ambao huuoni vizuri. Mwaka 2020 nchini Marekani stendi nyingi za meno ziliitwa zirudishwe na wateja, kwa kuwa ulimi ungeweza kuteleza kwenye meno gari likiwa juu. Ukinunua za meno, tafuta zenye pini ya pili ya usalama inayopita kwenye nguzo yenyewe. Soma pia kibandiko: stendi nyingi huandikwa tani kwa jozi, si kwa moja.

Nimepiga hesabu ya mzigo, maana nilitaka kujua stendi itabeba kiasi gani hasa. Gari la namna hii hulalia mbele, tuseme asilimia 60, yaani kilo 630 kwenye ekseli ya mbele. Lakini stendi haikai kwenye ekseli, inakaa nyuma ya tairi, karibu nusu mita kuelekea katikati ya gari. Kwa umbali wa mita 2.4 kati ya ekseli mbili, mzigo kwenye jozi ya stendi unapanda hadi karibu kilo 800. Ni kilo 400 kila moja. Jozi ya tani 2 inabeba hiyo bila kutoka jasho, kwa hiyo suala la tani nimelifunga hapo.

Kabari nimezitengeneza mwenyewe kutoka boriti ya mti mgumu ya sentimita 10 kwa 10, zimekatwa mshazari. Mawe hapana. Jiwe la mviringo linabingirika pamoja na tairi.

Mbao za kuweka chini ya jeki: plaiwudi ya milimita 18.

17 Mei: kuinua bila kufungua chochote

Leo hakuna nati iliyoguswa. Lengo lilikuwa kuona gari linavyotenda likiwa linapanda, ukiwa huna haraka ya pedi wala mikono yenye grisi.

Hendibreki juu, gia ya kwanza, kabari mbele na nyuma ya matairi yote mawili ya nyuma. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichukulia juujuu. Gia haizuii gari hili likiinuliwa gurudumu moja la mbele. Difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya ekseli, inaruhusu gurudumu moja lizunguke upande mmoja na jingine upande wa pili, kwa hiyo tairi la hewani likizunguka kinyumenyume, lililobaki chini linaweza kubingirika ingawa gia imeingizwa. Gia za otomatiki zikiwa kwenye P (ya kuegesha) ni hivyohivyo. Unapoinua mbele, kinachoshika gari ni hendibreki ya nyuma na kabari. Gia ni nyongeza tu.

Jeki iliwekwa juu ya plaiwudi kwenye udongo. Mpaka tairi lilipoanza kuwa jepesi mambo yalikwenda vizuri. Kisha plaiwudi ilianza kubonyea katikati kama bakuli, magurudumu ya chuma ya jeki yakajichimbia, na kikombe cha jeki, kile kichwa kinachogusa gari, kikaanza kuvuta sehemu ya kuinulia kuelekea upande mmoja. Sababu ni muundo wa jeki yenyewe. Mkono wake haupandi wima, unapanda kwa upinde. Kadiri unavyopanda, kikombe kinasogea mlalo, na ndiyo maana jeki hii ina magurudumu: lazima ijongee yenyewe ili ibaki chini ya nukta ileile. Ikishindwa kujongea, ama kikombe kinateleza ama gari linavutwa.

Nimeshusha. Ubao mnene zaidi ungezuia kubonyea, lakini udongo chini yake ungebaki udongo, na mvua moja inabadilisha kila kitu. Lami nayo si salama sana kwenye jua kali. Miguu ya stendi huzama humo taratibu.

Marekebisho: magurudumu yatakayoinuliwa yakae juu ya zege, upande wa juu ulio sawa. Magurudumu mengine mawili yabaki kwenye udongo yakiwa na kabari. Kwa kazi ya mbele gari linaingia kwa mbele, kwa kazi ya nyuma linaingia kinyumenyume. Nafasi inatosha.

18 Mei: stendi ya kwanza inainama

Kitabu cha gari kinaonyesha nukta za kuinulia kwenye ukingo wa bati ulio chini ya milango, kati ya vijipengo viwili vidogo. Zege ikiwa chini, jeki ilijongea kama inavyotakiwa. Upande wa kulia ulipanda, stendi ikaingia, gari likashushwa juu yake. Nikahamia kushoto.

Hapo ndipo ilipoonekana shida. Upande wa kushoto ulipokuwa ukipanda, gari zima lilizunguka juu ya stendi ya kulia, na stendi hiyo ikafuata. Mguu wake mmoja uliacha sakafu, unene wa kadi hivi. Kidogo, lakini stendi yenye miguu minne inayosimama kwa mitatu haina tena upana uliolipiwa. Nilishusha kushoto taratibu mpaka mguu ukarudi, kisha nikaondoa kila kitu.

Njia mbili zinatatua hili. Moja ni kupanda kwa hatua fupi: kulia tundu moja, kushoto tundu moja, kulia tena, ili tofauti ya pande mbili isiwe kubwa wakati wowote. Inachosha lakini inafanya kazi kwa gari lolote. Njia nyingine ni kuinua kutoka katikati, kwenye boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini, ikiwa kitabu kinaionyesha kuwa nukta ya kuinulia. Pande zote mbili zinapanda pamoja, stendi zote mbili zinaingia, na gari linashuka juu yake kwa mara moja. Gari hili linayo. Magari mengine hayana, na kilichopo katikati ni sampu ya mafuta, ambayo ni bati jembamba. Usikisie kwa macho ukiwa umechuchumaa, fungua kitabu.

Tatizo la boriti ya katikati ni bampa. Mkono wa jeki unagonga bampa kabla kikombe hakijafika. Nimeendesha magurudumu ya mbele yakapanda juu ya mbao mbili pana za sentimita 4, jeki ikapita. Mbao hizo ni pana kuliko tairi na ndefu kiasi cha tairi kukaa lote juu yake.

Jambo la pili la leo ni ukingo wa bati. Kichwa cha stendi ni chuma chenye umbo la V, na ukingo ulianza kupinda ulipokaa ndani yake. Rangi ikichubuka hapo kutu inaingia, na ukingo ukilala nukta ya kuinulia imekwisha. Nimekata vipande vya mpira mgumu na kuvichanja mfereji katikati: ukingo unaingia kwenye mfereji, na uzito unakaa kwenye sehemu pana ya bodi iliyo pembeni yake. Gari limeacha kuteleza pia. Kipande cha mpira kilitoka kwenye mkeka chakavu, gharama hakuna.

Utaratibu nilioufikia leo na ambao sikuubadilisha tena: pandisha, ingiza stendi kwa kushika miguu yake huku kichwa na mabega yakibaki nje, ingiza pini, legeza vali ya jeki kwa robo ya robo ya mzunguko ili gari lishuke kwa kusuasua, angalia miguu yote minane iko chini. Kisha sukuma gari kwa nyonga, mbele, nyuma na ubavuni, magurudumu yakiwa bado yamefungwa. Kama litaanguka, lianguke sasa, likiwa na matairi. Baadaye jeki inarudishwa mpaka iguse boriti bila kuibeba na inaachwa hapo.

Kwa nini isibaki imebeba? Jeki ya toroli hushikilia gari kwa mafuta yaliyofungiwa nyuma ya sili ya mpira na vali moja. Sili ikichoka, gari linashuka, pengine polepole, pengine sivyo. Usiku niliwahi kuiacha jeki hii ikiwa imebeba gogo zito, asubuhi gogo lilikuwa chini zaidi. Jeki ni mpya.

24 Mei: gurudumu lililogoma

Kabla ya kuinua, nati zote zimelegezwa robo mzunguko tairi likiwa chini. Ukiinua kwanza, tairi linazunguka na wewe unalitikisa gari kwa wili spana likiwa juu ya stendi.

Kulia lilitoka. Kushoto nati zote zilifunguka, na gurudumu halikusogea. Kutu imeunganisha katikati ya rimu na habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa.

Njia ya kawaida ya mafundi ni kulipiga teke tairi kutoka ndani au kulipiga nyundo ya mpira. Gari likiwa kwenye lifti ya gereji, sawa. Likiwa juu ya stendi mbili, kila teke ni nguvu ya pembeni inayoingia kwenye kitu ambacho udhaifu wake ni huohuo wa pembeni. Nilijaribu kwa kiganja tu, nikaona kijiti nilichokiegemeza kwenye bodi kama kipimo kinatikisika. Nikaacha.

Kilichofanya kazi: nati zote zimerudishwa kwa mkono, kisha zikalegezwa mzunguko mmoja. Gari likashushwa chini kabisa. Uzito ulipokaa kwenye tairi, likasukumwa mbele na nyuma kwa mikono, kiasi cha kiganja, kabari zikiwa zimesogezwa kidogo tu. Mlio mmoja mkavu, na rimu ikaachia. Gari likainuliwa upya. Muda uliopotea ni mwingi, lakini hakuna mtu aliyekuwa karibu na chini ya gari wakati wa kuachia, na hilo ndilo lililotafutwa. Habu imesuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa safu nyembamba ya grisi ya shaba katikati tu, isifike kwenye studi wala sehemu rimu inapokaa.

Magurudumu yaliyotolewa yanalazwa chini ya ukingo wa bodi, nyuma ya stendi. Stendi ikishindwa, gari litaangukia rimu, na kutakuwa na nafasi kati ya bodi na sakafu. Haigharimu kitu na yanakuwa hayakuzuii njia.

Nimepima diski. Pembeni imeandikwa unene wa chini milimita 16. Kushoto ni 16.3, kulia 15.8. Zinabadilishwa zote mbili, kwa sababu diski hubadilishwa kwa jozi ya ekseli. Sina mpya, kwa hiyo magurudumu yamerudishwa na gari limeteremshwa. Gari haliachwi juu ya stendi wiki nzima likisubiri vipuri, hasa nyumba ikiwa na watoto au paka anayetafuta kivuli.

31 Mei: diski, pedi na boliti iliyokwama

Kuinua, dakika chache. Kalipa, kile kibano chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski, imefunguliwa na kuning'inizwa kwenye springi kwa waya, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta.

Kwa pedi peke yake kishikio cha kalipa hakiguswi, lakini diski haitoki bila kukifungua, na kinashikwa na boliti mbili za spana 17. Ya juu kulia ilifunguka. Ya chini haikukubali. Nikaongeza bomba kwenye mpini wa soketi, mpini ukiwa umesimama wima, nikavuta kuelekea mbele ya gari. Boliti ilibaki, gari ndilo lililosogea. Mpira juu ya stendi ulionekana kujikunja.

Stendi ina upana wa kutosha, lakini hakuna mwelekeo inaovumilia kusukumwa mlalo kama inavyovumilia kubonyezwa kwenda chini. Boliti haijali mpini wako umeelekea wapi. Soketi ina pembe sita, unaweza kuivua na kuivika tena mpaka mpini ulale mlalo, upande ambao kufungua kunamaanisha kubonyeza kuelekea sakafuni. Ukifanya hivyo nguvu yako yote inaongeza uzito juu ya stendi na haina pa kulipeleka gari. Nilizungusha usukani kupata nafasi, nikapaka mafuta ya kulegeza kutu, nikaondoka kwa muda, nikarudi na kubonyeza. Ikaachia.

Tangu hapo kila boliti ngumu inafunguliwa kwa mpini mlalo na nguvu ya kwenda chini. Katika yote yaliyomo humu, kama una nafasi ya kukumbuka jambo moja la ufundi, mimi ningechagua hili.

Yaliyobaki kwa ufupi. Kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki kimefunguliwa na mafuta kidogo yamefyonzwa kwa sindano, maana pistoni ikirudishwa ndani mafuta yanapanda na kumwagika, nayo hula rangi ya gari. Pistoni imerudishwa kwa klampu juu ya pedi ya zamani. Pini za kuteleza zimesafishwa na kupakwa grisi ya silikoni. Diski mpya zimeoshwa mafuta ya kiwandani. Kishikio kimekazwa kwa Nm (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukazia) 107, kalipa kwa Nm 34, kama kitabu cha huduma cha gari hili kinavyosema. La kwako litakuwa na namba zake. Vumbi halikupulizwa. Limepanguswa kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa vumbi la breki halifai kuvutwa, na pedi za zamani sana zinaweza kuwa na asbesto.

Hakuna aliyegusa pedali kalipa zikiwa wazi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu siku nzima.

7 Juni: nyuma, ambako hendibreki haikusaidii

Kazi ya nyuma inageuza hesabu yote. Magurudumu yanayoshikwa na hendibreki ndiyo yaliyo hewani. Zaidi ya hapo, dramu haitoki hendibreki ikiwa imekazwa, kwa hiyo lazima uilegeze. Kinachobaki ni gia, inayoshika magurudumu ya mbele yaliyo chini, na kabari. Gia za mkono nazo hushikilia kwa mgandamizo wa injini tu, ambao huachia taratibu. Kwa hiyo kabari zinabeba kazi nzima.

Niliona heri kuzijaribu kabla ya kuinua: gari limeingizwa kinyumenyume, kabari nne kwenye matairi ya mbele, hendibreki imeshushwa, gia imetolewa, kisha nikasukuma kwa mgongo. Kabari iliyo mbele ya tairi iliteleza juu ya vumbi la udongo mkavu na gari likaifuata. Kwenye kazi ya mbele hazikuwahi kuteleza, kwa sababu hendibreki ndiyo iliyokuwa ikishika na kabari zilikuwa mapambo. Sikuwa na njia ya kulijua hilo bila jaribio hili.

Marekebisho: kila tairi lina kabari mbili, moja mbele na moja nyuma, na sasa zimeunganishwa kwa kamba ngumu pande zote mbili za tairi, imekazwa sana. Gari likitaka kwenda mbele na kuisukuma kabari ya mbele, kamba inaivuta ya nyuma, ambayo imezuiwa na tairi lenyewe. Chini ya kila kabari nimepigilia kipande cha tairi chakavu, mchongo ukitazama chini. Nimesukuma tena, gari halikwenda. Gia ya kwanza ikarudishwa.

Kuinua nyuma nimetumia nukta za ubavuni kwa hatua fupi za kupokezana. Katikati ya nyuma kuna ekseli ya bati iliyokunjwa, na kitabu hakiruhusu kuinulia hapo, inapinda.

Dramu ya kushoto iligoma, ikiwa imechimbwa ukingo na viatu. Kwenye bamba la nyuma kuna tundu lenye kizibo cha mpira. Bisibisi iliyopita humo ilirudisha gurudumu la meno la kurekebishia, viatu vikajikunja, dramu ikatoka. Ndani viatu vina milimita 4, na kiwango cha chini ni 1. Vimesafishwa na kurudishwa. Vile vipya vimewekwa kabatini.

8 Juni: kushusha na pedali

Nati zimekazwa kwa mkono gurudumu likiwa juu, kwa kuruka moja hadi ya mkabala. Gari likashushwa, kisha spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukazia: Nm 103. Ukikazia juu ya stendi unarudi kulekule kwa mpini na nguvu za pembeni.

Kabla ya kuondoa kabari, pedali. Pistoni zikiwa zimerudishwa ndani, kanyago la kwanza linakwenda mpaka sakafuni bila kukutana na kitu. Gari likiondoka hivyo halina breki. Nimekanyaga mfululizo mpaka pedali ikawa ngumu na juu, nikaangalia mafuta, nikaongeza mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na chupa iliyokaa wazi hupoteza joto lake la kuchemka.

Kisha kabari zikatoka, na mwendo wa kutambaa uwanjani kabla ya barabara.

21 Juni: baada ya kilomita 100

Nati zimepimwa tena kwa torki. Mbili za kushoto mbele, gurudumu lile lililokuwa na kutu, zilizunguka kidogo kabla ya spana kutoa mlio. Zingine hazikusogea. Pedi zimelala vizuri kwenye diski.

Gharama, nikichukua bei ya seti moja ya pedi za mbele kuwa moja: diski mbili zilikula karibu mara tatu ya hiyo, jeki mara tatu, jozi ya stendi mara mbili, spana ya torki mara moja na nusu, mafuta, grisi na mengineyo nusu. Viatu vya nyuma ambavyo havikuhitajika, moja. Kwa kazi hii peke yake fundi angekuwa rahisi zaidi. Vifaa vitajilipa kuanzia kazi ya pili au ya tatu.

Kinachofuata ni kubadilisha mafuta yote ya breki na kutoa hewa kwenye magurudumu manne. Gari lote likiwa hewani kwa mara moja hakuna tairi la kuwekea kabari, na zege iliyo sawa haitoshi. Kwa hiyo litafanyika ekseli moja moja, nyuma kwanza, kwa stendi hizihizi mbili.